UZI: Kibodi inawaka taa ila GRUB haisikii kitu. Butiloda inatambuaje vifaa vya USB?

#1 FundiBodi

Wakuu habari za jioni. Kila wiki lazima aje mtu na lile swali la kibodi, kwamba Windows ikishawaka inapiga kazi vizuri ila kwenye menyu ya GRUB (butiloda, ile programu ndogo inayowasha mfumo) imekufa kabisa, au kinyume chake, kwenye BIOS inakubali halafu setup ikianza inakata. Majibu nayo ni yale yale, badili poti, badili kibodi, mashine imechoka. Mtu anabadili poti kweli inakubali, anashukuru anaondoka, kwa nini imekubali hakuna anayeuliza. Leo tuongelee hiyo kwa nini.

Msimamo wangu nauweka mapema ili mnipige mawe mapema. Mara nyingi mkisema GRUB haioni kibodi GRUB haina kosa lolote, kwa sababu haijawahi kuiona hiyo kibodi hata siku moja, inaambiwa tu na femiwea, yaani BIOS au UEFI, ile programu iliyo kwenye chipu ya bodi. Na kila anayepokea mashine baada ya hapo anaanza upya kukitambua kila kifaa kama vile hakijawahi kuonwa na mtu. Hakuna kurithishana hapa.

Tuanze na taa maana ndo inayowachanganya wengi. Zile rangirangi za kibodi ya gemu kuwaka maana yake volti 5 zimefika, basi. Taa ya Num Lock ni habari nyingine, ile haiwashwi na kibodi yenyewe, inawashwa na kompyuta kwa kutuma baiti moja kwenda kwenye kibodi. So ukibonyeza Num Lock ikawaka na kuzimika ujue kuna programu upande wa pili inakusikiliza. Isipobadilika hata ukibonyeza mpaka kidole kiume, hakuna aliyeitambua kibodi yako, hata kama inang'aa kama disko.

Sasa utambuzi wenyewe. Ukichomeka kibodi kinachotokea kwanza ni umeme, programu inakuja baadaye. Ndani ya kibodi kuna rizista ya kiloohm 1.5 inavuta waya mmoja kati ya nyaya mbili za data, D+ na D-, kwenda juu. Ikivuta D- kontrola, ile chipu ya kompyuta inayosimamia poti za USB, inajua hiki ni kifaa cha mwendo wa chini, megabiti 1.5 kwa sekunde, na kibodi nyingi za bei ya kawaida ziko hapo. Ikivuta D+ ni megabiti 12, na flashi za USB 2 zinaanzia hapo hapo ndo baadaye zinakubaliana na kontrola kupanda hadi 480. Kontrola ikiona waya umepanda inasubiri kama milisekunde 100 plagi itulie, inapiga riseti, na baada ya riseti kifaa kinajibu kwenye anwani 0. Kila kifaa kipya kinaanzia 0 ndo maana riseti zinapigwa kimoja kimoja, ukipiga viwili kwa pamoja vitajibu vyote na hutaelewa kitu. Hapo kawaida zinasomwa baiti 8 za kwanza, ili kujua tu kifaa kinameza baiti ngapi kwa mkupuo, kinapewa anwani yake kati ya 1 na 127, halafu yanasomwa maelezo yake yote ya baiti 18, wenyewe wanaita deskripta. Baada ya hapo inasomwa ramani ya intafesi zake, yaani kazi ambazo kifaa kinajitangaza kuzifanya, na hapo ndo kuna namba tatu zinazoamua kila kitu. Ikisomeka tatu, moja, moja, kibodi imeokoka.

Nimeishia hapo nisije nikawachosha, mwenye swali atupie.

#2 chipukizi_01

Shikamoo mkuu. Nimesoma yote ila hapo kwenye tatu moja moja umeniacha. Hizo namba kibodi inazitoa wapi? Na kama kila kampuni inatengeneza kibodi yake si ingebidi kila moja iwe na draiva yake, sasa BIOS inazijuaje zote?

#3 FundiBodi

Marahaba kijana, swali zuri sana hilo.

Kwenye zile baiti 18 kuna namba ya kampuni na namba ya bidhaa. Logitech ni 046D, Microsoft 045E, Kingston 0951, zinagawiwa na umoja wa watengenezaji unaoitwa USB-IF. Linux na Windows wanazipenda sana hizo namba ila femiwea kwenye suala la kibodi haina habari nazo. Chipu ya BIOS ina megabaiti chache tu, 16 au 32, itabeba majina ya kibodi zote duniani iyaweke wapi? Kinachoangaliwa kiko kwenye maelezo ya intafesi: klasi, klasi ndogo, na protokali. Klasi 3 ni vifaa vya kutumiwa na mkono wa mtu, kibodi, maus, joistiki na ndugu zao. Ile 1 ya katikati ndo yenye uzito, inasema "mimi naijua lugha ya kuwashia mashine". 1 ya mwisho ni kibodi, ingekuwa 2 ni maus. Flashi inajitangaza 8, 6, 50 kwa heksa, habu ni 9. Hayo tu. Kibodi ya elfu kumi na ya laki tatu mbele ya femiwea ziko sawa.

Sababu ya ile 1 ya katikati kuwepo ni kwamba kibodi ikiongea HID (lugha ya vifaa vya klasi 3) kamili inaeleza ripoti zake kwa maelezo marefu, biti hii ni hiki biti ile ni kile, na kuyachambua kunataka kodi nyingi ambayo watengeneza BIOS hawakutaka kuibeba. So ikawekwa njia ya mkato. Femiwea inaituma amri ya SET_PROTOCOL yenye sifuri na kuanzia hapo kibodi inatoa baiti 8 tu kila ikiulizwa. Ya kwanza ni Shift, Ctrl, Alt na wenzake, ya pili haitumiki, sita zinazobaki ni vitufe vilivyoshikwa muda huo. Shika Shift ya kushoto na A inatoka hivi:

02 00 04 00 00 00 00 00

Ukiachia zote zinarudi sifuri. Ukibonyeza zaidi ya vitufe sita kwa mpigo zile nafasi sita zinajaa 01 zote, maana yake nimezidiwa. Na kumbuka kibodi haitumi kitu bila kuulizwa, mwenye mashine ndo anaipitia kila baada ya milisekunde kadhaa, kwa kibodi za mwendo wa chini mara nyingi utakuta imeandikwa 10.

Sasa njoo kwenye zile kibodi za gemu zinazojisifu kusoma vitufe vyote kwa pamoja. Baadhi yake intafesi ya kweli haina ile 1 ya katikati, au ikipokea SET_PROTOCOL inapuuza inaendelea kutuma ripoti ndefu. Femiwea inaichukua baiti ya kwanza ikidhani ni Shift kumbe ni namba ya ripoti, unapata herufi za ajabu au kimya. Ndo maana zipo zenye kiswichi kidogo kimeandikwa BIOS. Watu wengi wanakipita tu hawajui ni cha nini.

#4 Kipute

Maelezo meeengi hahaha. Chomeka kibodi ya PS/2 ulale, haina anwani haina riseti haina mbwembwe.

#5 mama_seva

Kipute unacheka lakini hujakosea sana, na hiyo PS/2 yako ndo ufunguo wa kuelewa BIOS za zamani. FundiBodi umeongea vizuri kaka ila umeruka kipande cha katikati, niongezee.

PS/2 ina kontrola yake, 8042, inakaa kwenye poti 0x60 na 0x64 (hizi ni anwani za ndani ya kompyuta, si matundu ya USB), tangu enzi na enzi. Programu inasoma 0x60 inapata skenikodi, yaani namba ya kitufe, kwisha. USB ilipoingia 1996 kulikuwa na mlima wa programu zinazosoma 0x60 moja kwa moja na hakuna ambaye angeziandika upya. Wakafanya ujanja. BIOS inaitambua kibodi ya USB yenyewe kama alivyoeleza FundiBodi, halafu chipseti inatega zile poti. Programu ikisoma 0x60 prosesa inanyanyuliwa kimyakimya inaingizwa kwenye hali ya SMM, hali ya siri ambayo programu za kawaida haziioni, kodi ya BIOS inachukua zile baiti 8, inazigeuza skenikodi ya PS/2, inaziweka pale, inaondoka. Programu haijui hata kama iliwahi kusimamishwa. Kwenye menyu za BIOS ndo ile "Legacy USB Support", na mtu akiizima asishangae GRUB yake kuwa bubu.

GRUB kwenye BIOS haisomi hata hizo poti, inaita INT 16h, huduma ya BIOS, inasema nipe kitufe, na disko inaita INT 13h inasema nipe sekta. Nani anajibu na kwa njia gani haijui wala haitaki kujua. Ukitaka kuhakikisha ingia kwenye mstari wa amri wa GRUB andika terminal_input peke yake, itakuorodheshea inayotumika. Mashine karibu zote utaona console, na hiyo console ndo femiwea yenyewe.

Pamoja na hayo GRUB ina draiva zake za USB, uhci, ohci, ehci (hizi tatu ni za aina za kontrola) na usb_keyboard. Zinafaa ukiwa na coreboot, femiwea huria, ambapo GRUB imekaa peke yake hakuna wa kumuuliza. Kwenye mashine ya kawaida ukiandika insmod ehci GRUB inampokonya BIOS kontrola, na kama umebuti kwa flashi kuna uwezekano mkubwa hd0, yaani disko uliyobuti, ikakuaga palepale, flashi irudi ikiitwa usb0. Na GRUB ya kawaida imekaa miaka na miaka bila draiva ya xHCI, kontrola ya USB 3, so kwenye mashine za sasa hivi ambazo kontrola yake ni xHCI tupu hizo moduli ni mapambo. Mkiona mafunzo mtandaoni yanasema weka GRUB_TERMINAL_INPUT=usb_keyboard angalieni kwanza ni ya mwaka gani.

#6 chipukizi_01

Asante sana mama. Sasa mashine yangu ni UEFI, ile femiwea mpya iliyochukua nafasi ya BIOS, haina hiyo INT, huko inakuwaje?

#7 FundiBodi

Huko ndo kuzuri, kwa sababu kila kitu kiko wazi unaweza kukiona kwa macho. Kodi ya mfano iko hadharani, mradi unaitwa TianoCore EDK2, femiwea nyingi za mashine zetu zimejengwa juu yake.

Femiwea ikiamka haijui kama kuna USB. Inaanza na PCI, inapita kama mjumbe wa nyumba kumi, basi hadi 256, kila basi nafasi 32, kila nafasi funksheni 8, inagonga inauliza namba ya kampuni. Jibu likiwa FFFF hakuna mtu inaendelea. Likiwa 8086 ni Intel, 1022 AMD, 10EC Realtek. Aliyeitika anaulizwa klasi. 0C03 ni kontrola ya USB, na namba inayofuata inasema ya aina gani: 00 UHCI, 10 OHCI, 20 EHCI, 30 xHCI. Disko ya SATA ya AHCI inasema 010601, NVMe inasema 010802. Unaona mchezo ni ule ule, hakuna anayetajwa kwa jina, kinachotafutwa ni kazi yake.

Halafu UEFI ina draiva zimepangwa kwenye chipu, na kila kifaa kikijitokeza draiva zinaulizwa moja moja: hiki unakimudu? Draiva ya xHCI inasema namudu, inashika kontrola. Juu yake inakaa draiva ya basi ya USB, inafanya zile riseti na anwani. Kibodi ikijitokeza inaulizwa draiva ya kibodi, kwenye EDK2 inaitwa UsbKbDxe, na ukifungua kodi yake utakuta hundi ni ile ile, klasi 3, ndogo 1, protokali 1, vyote vitatu vikikubali ndo inasema ndiyo. Baada ya hapo kibodi inaunganishwa kwenye mkondo wa kuingiza herufi unaoitwa ConIn, na GRUB au butiloda ya Windows inasoma kutoka ConIn. Ukiwa na kibodi tatu zote zinaungana humo, butiloda inaona moja.

Sasa kwa nini kubadili poti kunasaidia? Kwenye bodi nyingi za miaka ya 2010 zile poti za bluu (USB 3) baadhi zinaendeshwa na chipu ya pembeni, ASMedia au nyingine, na femiwea ya wakati ule ilikuwa na draiva ya EHCI tu. Poti nyeusi inaonekana, ya bluu haina mtu wa kuishika mpaka Windows ije na draiva yake. Kibodi nzima, poti nzima, hakuna draiva.

Na mkosaji mwingine ni Fast Boot. Ikiwa imewashwa femiwea inaamua kutohangaika na vifaa vyote, inaunganisha tu disko inayobuti, kibodi haiguswi kabisa. Sekunde kadhaa zinaokolewa, wewe unakaa unapiga Del na F2 hewani. Binafsi nikishika mashine ya mteja kitu cha kwanza nazima hiyo. Huwezi kuiingia BIOS? Ukiwa ndani ya Windows shika Shift ubonyeze Restart, nenda kwenye mipangilio ya UEFI kupitia humo.

#8 Otis254

Sasa wadau, hii mambo ya kutorithishana imenikumbusha ile shida ya Windows 7. Huku Nairobi kuna ofisi ziling'ang'ania Windows 7 kwa sababu ya programu zao za hesabu, wananunua mashine mpya za Skylake ya Intel na wanataka kuweka ile mfumo ya zamani. Unabuti DVD, inasema bonyeza kitufe chochote, unabonyeza, inakubali. Ukifika pale pa kuchagua lugha kibodi na maus zote zimelala. Watu walikuwa wanarudisha kibodi dukani juu ya hiyo.

Ukweli ni kwamba Intel kwenye chipseti za 2015 waliondoa EHCI, ikabaki xHCI peke yake, na diski ya Windows 7 haikuwa na draiva ya xHCI ndani. Ile "bonyeza kitufe" ilikuwa bado ni femiwea inasoma. Setup ikiamka kerneli yake inaanza kutafuta kontrola upya, haioni yenye inajua, kwisha. Dawa ilikuwa kuingiza draiva kwenye boot.wim indeksi ya pili na install.wim, si kwa moja tu, vyote viwili. Ama kibodi ya PS/2 kama bodi iko na shimo, Kipute leo amefurahi.

#9 FundiBodi

Otis umenipunguzia kazi. Na ndugu yake ni ile ya laptop za Intel kizazi cha 11 kwenda juu, setup ya Windows 10 inasema hakuna disko wakati kwenye BIOS NVMe unaiona kabisa na jina lake. VMD imewashwa, disko imefichwa nyuma ya kontrola ya Intel, femiwea ina draiva yake setup haina. Watu wanatupa SSD nzima kabisa. Mpe draiva ya Intel RST kwenye flashi kwa "Load driver" au zima VMD kabla hujaweka Windows. Ukizima wakati Windows ishawekwa inaweza kukupa skrini ya bluu, hiyo msije kunilaumu.

#10 Katanga_Pro

Jambo ndugu zangu, mimi niko Lubumbashi. Huku kwetu karibu kibodi zote ni AZERTY. Niliweka paswedi kwenye GRUB, ndani ya Linux ninaiandika sawasawa lakini GRUB inaikataa kila mara. Kibodi inatambuliwa, vitufe vinafanya kazi, menyu inapanda na kushuka. Ni femiwea pia?

#11 mama_seva

Karibu ndugu wa Lubumbashi. Hapo kibodi yako haina tatizo wala femiwea haina tatizo, kila mmoja anasema ukweli wake.

Kibodi ya USB haitumi herufi, inatuma nafasi ya kitufe. Kitufe kilichochapwa A kwenye AZERTY kimekaa mahali pa Q ya Kimarekani, so kinatuma 0x14, na 0x14 kwa femiwea ni q. Hakuna mahali kibodi inasema "mimi ni ya Kifaransa". Kwenye deskripta ya HID kuna baiti ya nchi lakini kibodi nyingi zinaiacha sifuri, na hata ikijazwa femiwea haitegemei hiyo. Linux wewe uliiambia AZERTY wakati wa kuiweka. GRUB hukuiambia, inapokea herufi zilizokwisha kutafsiriwa na femiwea kwa mpangilio wa Kimarekani.

Njia rahisi, chagua paswedi ambayo herufi zake hazihami. A, Q, Z, W na M zinahama, namba za juu nazo kwa AZERTY zinataka Shift. GRUB ina amri ya keymap ila inafanya kazi na at_keyboard au usb_keyboard, haifanyi na console, ndo unarudi kwenye yale niliyosema juu. Kama unataka kujaribu at_keyboard kwenye laptop inaweza kukubali kwa sababu kibodi za ndani za laptop nyingi bado ni PS/2 kiumeme.

#12 Katanga_Pro

Aa, sasa ninaelewa. Paswedi yangu iko na A mbili na M. Merci sana mama.

#13 fundisimu_Mza

Wakuu hata huku kwenye simu ni hayo hayo ila kichwa chini miguu juu, simu ndo inakuwa kifaa kompyuta ndo inatafuta. Simu ikiwa fastboot (hali ya butiloda) intafesi yake inasema FF, 42, 03. Ikiwa imewaka na ADB (njia ya kuipa simu amri kutoka kompyuta) inasema FF, 42, 01. Namba moja tu ya mwisho inabadilika, ndo maana unaandika "adb devices" wakati simu iko fastboot inakujibu tupu.

Na hizi Tecno na Infinix nyingi ni MediaTek, ukiichomeka imezimwa inajitokeza 0E8D na 2000 sekunde chache tu, hiyo ni preloda inauliza kama kuna mtu anataka kuongea nayo, asipojitokeza inaendelea kuwasha simu. Usipokuwa na draiva tayari Windows inaanza "inatafuta draiva" na preloda ishapita zake. Watu wanasema simu haisomi, wakati imesoma na imeondoka. Ikija 0E8D na 0003 hiyo ni ROM ya ndani ya chipu yenyewe, ya chini kabisa. Za Qualcomm ndo ile 05C6 9008 mafundi wote mnaijua.

#14 bodi_ndogo

Na sisi wa vibodi vidogo tusisahaulike. Kwenye ARM ukitumia U-Boot, butiloda ya vibodi hivyo, ule mchezo wa kugonga PCI mara nyingi haupo, kontrola ya USB imo ndani ya chipu kuu na hakuna anwani ya kuipigia hodi. Lazima uambiwe iko wapi, na anayekwambia ni faili la device tree, lile la .dtb. Ukiweka la bodi nyingine inayofanana kwa sura U-Boot inawasha pini isiyo yake, poti haina umeme, unalaumu kibodi.

U-Boot nayo ni mvivu kwa makusudi. Haiangalii USB mpaka iambiwe usb start. Ikimaliza andika usb tree unaona mti mzima, Hub 480 Mb/s juu, chini yake Human Interface 1.5 Mb/s, na milliamp kila kifaa kinazodai. Kibodi kuonekana kwenye mti bado haitoshi, lazima useme setenv stdin serial,usbkbd ndo inaanza kusikilizwa. Na ukiichomeka baada ya usb start haitaonekana mpaka upige usb reset. Kuna flashi na habu nyingine zinachelewa kuamka, hizo ongeza usb_pgood_delay, elfu mbili hivi, kabla hujazitupa.

Kitu kimoja nimpinge FundiBodi kidogo. Umesema butiloda inaambiwa tu. U-Boot haiambiwi na mtu, zile riseti na anwani zote inafanya yenyewe.

#15 FundiBodi

Bodi_ndogo nakubali, mimi niliongelea GRUB na mashine za x86. U-Boot ni femiwea na butiloda kwa mpigo, haina wa kumtegemea.

#16 Kipute

Sasa mimi nina swali la ukweli safari hii. Kama kifaa kinajitangaza chenyewe "mimi ni 3 1 1" nani anahakiki? Flashi ikisema ni kibodi je?

#17 mama_seva

Hakuna anayehakiki. 2014 Karsten Nohl na Jakob Lell walionyesha hilo kwenye mkutano wa Black Hat, wakaliita BadUSB, flashi ya kawaida femiwea yake inabadilishwa inaanza kujitangaza kibodi na kuchapa amri yenyewe. Kwenye butiloda ni mbaya zaidi kwa sababu hakuna antivirusi wala lokskrini, kinachoweza kuchapa "e" kwenye menyu ya GRUB kinaweza kubadili mstari wa kerneli. Kwa seva zangu GRUB ina superusers na paswedi, BIOS ina paswedi, na poti za mbele zimezimwa. Hata zile flashi za mtaani zinazosema terabaiti 2 kwa bei ya chipsi kuku zinatumia mwanya huo huo, femiwea inauliza ukubwa, flashi inajibu inavyotaka, inaaminiwa.

#18 chipukizi_01

Na kibodi ya Bluetooth mama?

#19 mama_seva

Isahau kwenye GRUB, PC nyingi femiwea yake haina kabisa draiva za Bluetooth na hata ingekuwa nazo ule ufunguo wa kuunganishwa umehifadhiwa ndani ya Windows. Mac ndo wanaibeba. Ila zile zisizo na waya zenye risiva ndogo ya USB zinakubali, kwa sababu risiva yenyewe inajitangaza 3 1 1 na mambo ya redio inamaliza yenyewe ndani. Ile ya Unifying ya Logitech inajitangaza kibodi, maus na kitu cha tatu, femiwea inachukua viwili vya kwanza cha tatu inakiacha.

#20 Otis254

La mwisho kabla nilale. Nimefungia disko yangu na LUKS, ile usimbaji ya Linux. GRUB kibodi iko sawa, nachagua Linux, inafika pale inaitisha paswedi ya disko, kibodi imekufa. Nikichomeka ya zamani inafanya. Ni mashine ya Debian.

#21 FundiBodi

Hapo ushatoka mikononi mwa femiwea bro. Kerneli imeshachukua kontrola na inatafuta upya kwa moduli (draiva) zilizomo kwenye initramfs tu, kile kifurushi kidogo cha kuwashia, rootfs yaani mfumo wenyewe wenye zingine zote bado imefungwa na hiyo hiyo LUKS. Angalia /etc/initramfs-tools/initramfs.conf, kama imeandikwa MODULES=dep basi wakati inajengwa ilibeba za vifaa vilivyokuwepo siku hiyo. Rudisha most, au ongeza kwenye /etc/initramfs-tools/modules mistari hii: xhci_pci, usbhid, hid_generic, na kama ni risiva ya Logitech weka na hid_logitech_dj. Wenye Arch kwenu ni kuisogeza keyboard ikae kabla ya autodetect kwenye HOOKS. Ukimaliza piga update-initramfs -u -k all, halafu lsinitramfs upitishe kwenye grep usbhid uone kweli imeingia, na hiyo kibodi ya zamani usiichomoe mpaka uhakikishe.